Gari la Gia za Mkono Linapogonga Ukibadilisha Gia: Sikiliza Mlio Unakuja Wakati Gani

“Giaboksi imekufa.” Hayo ndiyo maneno ya kwanza mwenye gari huambiwa, au hujiambia mwenyewe, pindi gari linapoanza kutoa mshindo kila anapobadilisha gia. Mimi pia niliwahi kuyaamini. Gari langu lilikuwa likigonga “ngo!” kila nikiachia klachi kutoka namba moja kwenda namba mbili. Giaboksi ikashushwa, ikafunguliwa, ikafungwa, ikarudishwa. Siku lilipotoka gereji liligonga vilevile. Kilichokuwa kimekufa ni mauntingi moja ya chini, kipande cha mpira kinachoenea kiganjani, ambacho kingegundulika kwa dakika tano boneti ikiwa wazi.

Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja: kabla ya kuuliza mlio unatoka wapi, uliza unatoka wakati gani. Chuma husafirisha sauti. Mshindo wa difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, unaweza kusikika chini ya kiti cha dereva, na mauntingi ya mbele inaweza kukufanya uape kwamba kitu kimevunjika nyuma. Sikio hupotea kirahisi kuhusu mahali. Kuhusu wakati halipotei: ama mlio ulikuja klachi ikikanyagwa, ama gia ikiingia, ama klachi ikiachiwa. Kila wakati una watuhumiwa wake, na mwongozo huu umepangwa kwa kufuata nyakati hizo.

Kabla ya kushika spana

Fungua buti. Toa jeki, tairi la akiba kama halijafungwa, spana ya magurudumu, chupa na chochote kinachoweza kubingirika. Gari hunyanyua pua na kuinamisha kila gia inapobadilishwa, na jeki iliyolegea hugonga kwa mdundo uleule. Kisha pitia nati za magurudumu yote manne kwa spana. Gurudumu lenye nati zilizolegea hugonga gari likiondoka na likifunga breki, na hilo ni la kukazwa papo hapo, kabla gari halijasogea tena.

Sasa tafuta barabara tulivu na tambarare. Zima redio, shusha vioo, endesha kwa dakika kumi huku mwenzako akiandika. Je, mlio unakuja ukikanyaga klachi, ukiingiza gia, au ukiachia klachi? Ukibaki kwenye gia moja ukakanyaga mafuta kisha ukaachia, unagonga? Ni gia zote au moja? Asubuhi injini ikiwa baridi ni sawa na mchana ikiwa moto? Ukifunga breki bila kugusa gia, mlio upo? Majibu haya matano yataondoa zaidi ya nusu ya vitu unavyovishuku.

Neno moja la usalama, nalo nalisema kwa uzito wote nilionao: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia. Kushikilia ni kazi ya stendi, zilizowekwa mahali pagumu na tambarare, na magurudumu yaliyobaki chini yakiwekewa kabari. Kama huna stendi, fanya vipimo vinavyofanyika gari likiwa chini na hivyo vingine mwachie fundi.

Mshindo mmoja klachi inapoachiwa, au ukikanyaga na kuachia mafuta

Huu ndio unaolalamikiwa kuliko mingine, na ndio wenye sababu nyingi zaidi. Kutoka flaiwili, gurudumu zito la chuma lililo nyuma ya injini, hadi tairi, nguvu hupita katika viungo vingi: meno ya klachi pleti, gia zenyewe, shafti, krosi (viungo vya msalaba vya propela) au jointi za CV (viungo vya ekseli vinavyopinda huku vikizunguka), difu, ekseli. Kila kiungo kina nafasi yake ndogo ya kucheza. Nguvu inapogeuka mwelekeo, yaani ulikuwa unasukuma na sasa injini inazuia, nafasi hizo zote hujifunga kwa pamoja, na huo ndio mshindo. Kiasi kidogo ni cha kawaida, hasa kwa pikapu na magari yenye propela ndefu, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Kisicho cha kawaida ni mshindo ulioanza ghafla, unaozidi wiki hadi wiki, au unaousikia kwa nyayo kabla ya masikio.

Anza na mguu wako. Achia klachi taratibu, ukipanga gia kwa utulivu, na ukipangua, yaani ukishusha gia, kanyaga mafuta kidogo ili mzunguko wa injini ulingane na mwendo. Mlio ukipotea kabisa, huenda gari halina ugonjwa mkubwa. Tazama pia mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta. Magari mengi ya petroli yakishapata moto hukaa kati ya 650 na 900 kwa dakika. Likiwa juu ya hapo kwa mbali, kila kuachia klachi kutakuwa kama kupigwa teke.

Mshukiwa wa kwanza wa vyuma na mpira ni mauntingi za injini na giaboksi. Injini inaposukuma magurudumu, yenyewe husukumwa kinyume. Mauntingi ndizo zinazoizuia isijiviringe. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, ambayo injini imelala kwa mapana, huwa na mauntingi tatu au nne, na mojawapo, mara nyingi ile ya chini karibu na giaboksi, kazi yake kubwa ni kuzuia mzunguko huo. Hiyo ndiyo huchakaa mapema, na ndiyo iliyonitesa mimi.

Kipimo chake ni rahisi lakini kina hatari yake. Vuta hendibreki, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, kanyaga breki sawasawa, boneti ikiwa wazi. Mwenzako asimame ubavuni mwa gari. Mbele na nyuma pasiwe na mtu. Washa injini, weka namba moja, achia klachi polepole mpaka injini ianze kulemewa, kisha ikanyage tena upesi. Sekunde moja inatosha. Ukikawia unaunguza klachi. Rudia kwa rivasi. Injini kujisogeza kidogo, kama sentimita moja, ni mpira unafanya kazi yake. Ikirukaruka sentimita tatu au zaidi, au ukisikia mshindo uleule unaousikia barabarani, umempata mwizi.

Ukiishapata mauntingi mbovu, angalia kama imelowa oili. Mpira wa mauntingi huoza ukinywa oili, kwa hiyo kuweka mpya chini ya mvujo uleule ni kutupa fedha. Ziba mvujo kwanza. Zile zenye kimiminika ndani huacha michirizi myeusi zikipasuka. Kagua na wenzake waliobaki, kwa sababu wamekuwa wakibeba mzigo wa aliyekufa. Kubadilisha moja inawezekana nyumbani kwa mwenye uzoefu, injini ikiwa imeegemezwa na jeki juu ya kipande cha ubao ili bakuli la oili lisibonyee. Zikiwa mbili au zaidi zimekatika, usijaribu, maana injini inaweza kuhama na kuvuta mabomba na nyaya pamoja nayo.

Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mauntingi zikiwa nzima, nenda kwenye propela. Krosi inayokufa hutoa taarifa mapema: kwanza hulia “kwi, kwi, kwi” kwenye mwendo mdogo, sauti kama ya ndege, kisha siku moja mlio huo unageuka kuwa mshindo. Ukiona vumbi jekundu la kutu kuzunguka vikombe vya krosi, ujue grisi imekwisha kitambo. Kwa kupima, injini iwe imezimwa, kabari zikae, gia iwe nyutro ili shafti isiwe imekazwa. Shika shafti kwa mkono mmoja na sehemu inayoungana nayo kwa mkono wa pili, zungusha kwa kupinganisha. Krosi nzima haina mchezo wowote unaoweza kuuona kwa jicho. Ikicheza hata kidogo, inabadilishwa.

Kabla hujafikia krosi lakini, kaza bolti za flenji. Zinalegea, hasa kama propela iliwahi kushushwa hivi karibuni. Kama mshindo unakuja mara moja tu, sekunde gari linaposimama au linapoondoka tena, meno ya shafti inayoteleza ndani yake huenda yamekauka grisi. Kuyasafisha na kuyapaka upya humaliza kelele bila kununua kitu. Propela ya vipande viwili ina beringi ya katikati iliyoshikwa na mpira, na mpira huo ukichanika shafti nzima hucheza juu chini. Baadhi ya magari yana kiungo cha mpira mahali pa krosi: kikague kwa tochi kama kina nyufa. Popote unapofungua propela, weka alama ya rangi pande zote mbili kwanza, ili irudi ilivyokuwa. Ikigeuzwa, utamaliza mshindo na kuanzisha mtetemo.

Propela yenye krosi inayocheza waziwazi haiendeshwi hata hadi gereji. Ncha ya mbele ikidondoka gari likiwa kwenye mwendo, inaweza kuchimba barabara na kulinyanyua gari. Ita gari la kuvuta.

Kwa gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele, jointi za CV za ndani, zile zilizo karibu na giaboksi, ndizo hutoa mshindo mmoja nguvu ikigeuka. Zile za nje husema lugha nyingine, “ta-ta-ta-ta” usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Dalili ya mapema ni mpira wa kufunika uliochanika na grisi iliyorushwa hadi kwenye rimu. Nyanyua gurudumu moja la mbele, weka stendi, zima injini, ingiza gia, kisha tikisa gurudumu mbele na nyuma kwa mkono. Litacheza kidogo; hiyo ni jumla ya nafasi zote za kawaida. Mwenzako akishika shafti atahisi ni jointi ipi inachelewa kuitikia. Usisahau nati kubwa ya katikati ya gurudumu: ikilegea, ekseli hugonga ndani ya habu, na nati hiyo hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji, kwa toki spana.

Difu inakuja chini zaidi katika foleni, ingawa watu huitaja mapema. Angalia oili yake kwanza. Ukifungua nati ya kumwagia, utakuta uji laini wa kijivu kwenye sumaku, na huo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoonekana, vyenye kona, si vya kawaida. Nafasi kati ya pinioni na krauni, gia ndogo na gia kubwa za difu, hupimwa kwa sehemu za milimita, katika magari mengi kati ya 0.1 na 0.2, na kuiweka sawa kunataka geji ya saa, shimu na mikono iliyozoea. Hapa ndipo ninapoweka spana chini bila aibu.

La mwisho katika kundi hili ni springi ndogo zilizo ndani ya klachi pleti. Kazi yake ni kulainisha pigo klachi inaposhika. Zikivunjika au kulegea hugonga papo hapo kwenye kushika, na zinaweza kuchakarika injini ikinguruma palepale. Haziwezi kuonekana mpaka giaboksi ishuke, ndiyo maana zinashukiwa baada ya vingine vyote kupita.

Gia inasaga au inagonga wakati wa kuingia, hasa rivasi na namba moja

Zima injini kisha pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa lakini zikagoma au kusaga ikiwashwa, karibu hakika klachi haiachii kikamilifu. Giaboksi haina kosa. Inalazimishwa kupokea gia huku shafti yake bado inazungushwa.

Thibitisha hivi: injini ikinguruma palepale, mguu mwingine ukiwa kwenye breki, kanyaga klachi hadi chini, subiri sekunde kumi, ndipo uingize rivasi. Sekunde kumi zinatosha shafti kusimama yenyewe. Ikisaga bado, klachi inaburuta. Ikiingia laini baada ya kusubiri, lakini inasaga ukiharakisha, huenda gari lako halina sinkronaiza, kifaa kinacholinganisha mzunguko wa gia kabla hazijashikana, kwenye rivasi, kama yalivyo mengi, na dawa ni subira. Kuingiza rivasi gari likiwa bado linabingirika mbele kunavunja meno hata kwenye giaboksi mpya.

Klachi inayoburuta, anza na vitu vya bure. Kapeti lililokunjamana chini ya pedeli huzuia sentimita mbili za mwisho, na hizo ndizo zinazoachia klachi. Nimelikuta kosa hili zaidi ya mara moja, hata kwa madereva wazoefu. Kisha, kama klachi ni ya kebo, pima ulegevu wa pedeli na urekebishe kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Tazama kama kebo imeanza kukatika nyuzi.

Kama ni ya kimiminika, fungua kopo lake. Magari mengi hutumia kopo moja kwa klachi na breki. Kimiminika kikiwa kimeshuka, fuata njia nzima ukitafuta unyevu: nyuma ya pedeli ndani ya gari, kwenye bomba, na kwenye slevu silinda, ile silinda ndogo inayosukuma klachi upande wa giaboksi, ambako unaweza kuinua kofia ya mpira na kuona kama ndani kumelowa. Ukipampu pedeli mara mbili tatu na gia zikaanza kuingia vizuri, kuna hewa kwenye mfumo au masta silinda, ile inayosukumwa na pedeli, imechoka. Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili na nusu saa. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Usiweke kamwe oili ya injini au ya usukani, kwani huvimbisha mipira ya breki na klachi pia. Kimiminika hiki hula rangi ya gari, kwa hiyo kikidondoka mwagia maji mara moja.

Kopo la pamoja likikauka, gari lisimame hapo lilipo. Si klachi tu inayopungua, na breki pia.

Vikishindikana hivyo vyote, tatizo liko ndani: pleti iliyopinda, meno ya katikati yaliyoshika kutu, au beringi ndogo ya kati ya injini na giaboksi iliyokwama. Gari lililokaa miezi bila kuwashwa linaweza kuwa na pleti iliyoganda kwenye flaiwili. Kwa yote haya giaboksi hushushwa.

Gia moja tu ndiyo yenye kelele

Hapa ndipo giaboksi yenyewe inapoanza kuwa mshukiwa halali. Hata hivyo, oili kwanza.

Gari liwe tambarare kabisa. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, kila mara, kwa sababu ukimwaga oili kisha ukakuta nati ya juu imeganda, umebaki na giaboksi tupu na gari lisilosogea. Katika giaboksi nyingi, oili inatakiwa kufika kwenye ukingo wa tundu la kujazia. Ikiwa chini, tafuta ilipovuja: sili za ekseli, sili ya nyuma, au nati yenyewe. Harufu ya kuungua na rangi nyeusi tii ni sababu tosha ya kubadilisha. Chembe za rangi ya dhahabu zinatoka kwenye ringi za shaba za sinkronaiza.

Aina ya oili ina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Giaboksi nyingi zinazotaka 75W-90 zinataka ya daraja la GL-4. Baadhi ya oili za GL-5 zina viungo vikali vilivyokusudiwa difu, vinavyoweza kushambulia shaba za sinkronaiza, tena huifanya ringi iteleze badala ya kushika. “Namba kubwa ni bora zaidi” ni kosa linalorudiwa sana kwenye meza za duka la vipuri. Kuna giaboksi zinazotumia oili ya otomatiki, na nyingine zina oili yake maalumu. Kitabu cha gari ndicho kinachosema.

Oili ikiwa sahihi na bado namba mbili inakwaruza ukipangua, sinkronaiza yake imechoka. Namba mbili huchakaa mapema kwa sababu hubeba tofauti kubwa ya mzunguko na hutumika sana mjini. Kipimo: panga kwa kukanyaga klachi mara mbili, moja kuingia nyutro, ukiachia, ya pili kuingia gia, na ukipangua kanyaga mafuta kidogo katikati. Ikiingia laini kwa namna hiyo lakini inakwaruza kwa namna ya kawaida, jibu unalo. Unaweza kuendesha hivyo kwa muda ukijiandaa. Usiisukume kwa nguvu, kwa sababu kila mkwaruzo hula meno yaliyobaki.

Gia inayojirukia nyutro ukiachia mafuta ni jambo jingine. Angalia tena mauntingi na mtambo wa kuunganisha mkono wa gia, ambao usipofika mwisho gia huingia nusu. Vikiwa sawa, ndani kuna uma uliopinda, springi dhaifu au meno yaliyochongoka, na hiyo ni kazi ya fundi wa giaboksi.

Na kama katika gia moja unasikia “ko, ko, ko” inayoongezeka kasi sawasawa na mwendo, na ikihamia gia nyingine inanyamaza, simama. Hilo linaweza kuwa jino lililovunjika. Kipande kikiingia kati ya gia mbili kinaweza kupasua ganda zima au kufunga magurudumu.

Mlio uko mkononi, kwenye mkono wa gia

Mkono unaocheza kama kijiko kwenye kikombe, unaogonga ukiingia na ukitoka, kwa kawaida una bushi zilizoisha kwenye ncha za kebo au vyuma vya kuunganisha. Mwenzako asogeze mkono, injini imezimwa, wewe tazama chini ya boneti au chini ya gari: bushi mbovu utaiona mkono ukitangulia na chuma kikichelewa. Ni kipande kidogo cha plastiki au mpira. Hii ni mojawapo ya kazi zinazoridhisha zaidi kuzifanya mwenyewe.

Kugonga injini ikiwashwa au kuzimwa, na kuchakarika kwenye nyutro

Magari mengi ya dizeli, na baadhi ya petroli, yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi katikati. Ikichoka, gari hutoa “gu-dung!” ya kuzimika, hutikisika likiwashwa, na huchakarika likinguruma palepale. Kanyaga klachi: sauti ikibadilika waziwazi, unakaribia. Haitengenezwi vizuri kwa kuchomelea. Hubadilishwa, na ikiendelea kuachwa inaweza kuvunjika na kuharibu kasha linaloizunguka.

Utofauti mmoja unaosaidia sana: mlio unaokuja ukikanyaga klachi ni wa beringi ya klachi. Unaokuwapo klachi ikiwa juu, gia ikiwa nyutro, na kunyamaza ukikanyaga, unaelekea beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi.

Milio inayojifanya ya gia

Ukigeuza mwelekeo, kutoka rivasi kwenda mbele, ukasikia “ka!” moja kwenye breki ya kwanza kisha kimya hadi ugeuze tena, ni pedi ya breki inayohama ndani ya kalipa. Kagua vibano vyake na kama pedi ni ya saizi sahihi.

Bushi za mikono ya saspensheni, bolti za fremu ndogo inayobeba injini, na bolti za kushikia majani ya springi kwenye ekseli ya nyuma hugonga kila uzito wa gari unapohama, na kubadilisha gia huhamisha uzito. Kinachozitambulisha ni kwamba hugonga pia ukifunga breki na ukipita matuta. Ekzosi iliyokatika mpira wa kuning’inia hugonga bodi injini ikijitikisa. Isukume kwa mkono ikiwa imepoa, uone kama inafikia chuma. Kumbuka kwamba ekzosi inayogonga ghafla inaweza kuwa mjumbe wa mauntingi iliyokufa.

Ukifika kwa fundi

Mpe ile karatasi uliyoandika barabarani, kisha mwombe aingie kwenye gari mwendeshe pamoja. Fundi anayetaka kushusha giaboksi kabla ya kuusikia mlio, mwombe kwanza akuonyeshe mauntingi, propela au jointi, na oili. Giaboksi ikishuka kweli, badilisha kwa pamoja klachi pleti, presha pleti na beringi yake kama zimeshatumika sana, na kagua sili ya nyuma ya injini, maana sehemu kubwa ya gharama ni kushusha na kupandisha. Omba kipuri cha zamani ukione kwa macho yako na ukishike.

Baada ya kazi, kaza tena nati za magurudumu yaliyofunguliwa ukifikisha kilomita 50 hadi 100, na tazama chini ya gari asubuhi ya kwanza kama kuna tone la oili. Kisha rudi barabara ileile tulivu, redio ikiwa imezimwa, mwenzako pembeni, na uyaulize upya maswali yaleyale matano.